Nakala ya Ziada

Kwa siku nne kisanduku kipya kilikuwa kikipiga mlio sebuleni, pii, pii, pii, na kwa siku nne Bwana Faili alikijibu kwa kukipangusa vumbi. Aliamini ni salamu. Mkewe, ambaye subira ilikuwa imemwishia tangu siku ya pili, alikifunika kwa taulo.

Jina la Bwana Faili hakupewa na wazazi wake. Alilipata masjala, alikotunza majalada ya ofisi kwa miaka thelathini na mmoja bila kupoteza hata karatasi moja. Alipostaafu aliondoka na vitu viwili: muhuri wa tarehe, na ugonjwa wa kutovumilia kuona kitu kimoja kikiwa na nakala mbili. Huko masjala nakala za ziada zilichomwa kila Ijumaa, na mwenye kiberiti alikuwa yeye.

Kisanduku chenyewe kilinunuliwa kwa ajili ya sauti. Mwaka uliopita mkewe alipasuliwa koo, akatoka hospitali mzima wa afya, ila ananong'ona. Yeye, ambaye zamani akiita mtu jikoni, mtaa wa pili wanaitika! Tangu hapo Bwana Faili alishinda kila ugomvi nyumbani, na ushindi huo haukuwa na ladha hata kidogo. Sauti ya zamani ilibaki kwenye rekodi moja tu ya dakika sita, iliyonaswa kwa bahati siku alipokuwa akijaribu kinasa sauti cha simu akasahau kukizima. Rekodi ilikuwa imehamishwa kutoka kwenye simu hadi kwenye kompyuta mpakato kuukuu iliyozimika ovyo kila ilipopata joto. Aliikosa sauti ile kuliko alivyothubutu kumwambia mtu.

Ndipo akamwita binti wa dada yake, fundi wa kompyuta, aje amsaidie kuchagua seva ndogo ya nyumbani, kisanduku cha kuhifadhia picha na sauti zote za familia. Kabla hajafika, mjomba alikwisha kufungua jalada: *Uchaguzi wa Hifadhi ya Nyumbani*, kila ukurasa na namba yake.

"Mjomba, ziko njia tatu," mpwa alisema. "Tunaweza kuchukua kompyuta ya zamani tukaigeuza seva, lakini itakusumbua kila wiki. Kuna hii kubwa ya diski nne, hiyo waachie wenye studio. Halafu kuna hii ndogo ya diski mbili. Unaichomeka, unafuata maelekezo, basi."

"Ina kufuli?"

"Ina nywila."

"Na rejesta ya wanaoazima?"

"Mjomba, picha haziazimwi. Mtu anaangalia tu kwenye simu yake."

Bwana Faili aliandika: *Haina rejesta. Dosari.* Mkewe akamvuta mpwa karibu, akamnong'oneza sikioni.

"Anasema chukua iliyo rahisi," mpwa akatafsiri huku akijizuia kucheka, "maana mgumu tunaye tayari."

Wakachukua ile ndogo. Mpwa akahamisha kila kitu, akaeleza taratibu kwamba kila faili linaandikwa kwenye diski zote mbili, ili moja ikifa nyingine iwepo. Bwana Faili aliitikia kwa kichwa, kama alivyowaitikia wakubwa wake kazini alipokuwa na mpango wake mwenyewe. Kompyuta kuukuu ilizimika jioni ile na haikuwaka tena.

Asubuhi iliyofuata alikaa akizitazama diski zile mbili, zenye mambo yale yale hadi nukta, na mikono ikaanza kumwasha. Akachomoa moja. Akaitia kwenye bahasha, akaigonga muhuri, akaandika ZIADA, akaifungia kwenye kabati la chuma. Haikuchomwa kwa sababu tu haikuwa karatasi. Hapo ndipo kisanduku kilipoanza kupiga kelele.

Siku ya tano alikiinua, kikiwa bado kinafanya kazi, ili akibandike namba ya jalada chini. Kikamponyoka. Kikagonga sakafu, na mlio ukakatika.

"Taa zina rangi gani?" mpwa aliuliza kwenye simu.

"Ipo moja tu. Nyekundu."

"Na diski ya pili?"

"Niliiondoa. Ilikuwa nakala."

"Basi hiyo iliyoanguka imekufa. Nakuja," mpwa alisema, akakata simu. Bwana Faili akaketi, simu ingali mkononi.

"Nimekupotezea sauti yako," alimwambia mkewe, na machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa. "Miaka yote sijapoteza karatasi, nimekuja kupoteza hii. Nilitaka niwe nakusikia ukinifokea, mama watoto. Nyumba imekuwa kimya mno."

Mkewe akamsogelea. "Hiyo uliyoiondoa," alinong'ona, "umeichoma?"

"Iko kabatini. Lakini ile ni ya ziada."

"Fungua kabati, baba watoto."

Alikuwa amekwisha kuingiza ufunguo ndipo akaelewa.

Mpwa alifika mchana na diski mpya. Akaipachika ile ya kwenye bahasha, muhuri ukiwa bado unasomeka, akasubiri, taa ikawaka kijani. Bwana Faili akakohoa.

"Mtu anaweza kuwa na nakala ngapi?"

"Hata tatu, mjomba. Na moja ukaiweka kwangu."

"Weka tatu," alisema, huku akiyakwepa macho ya mkewe.

Mpwa akaitafuta rekodi. Aliikuta kwenye jalada la *Malalamiko*, akaibonyeza.

"Wewe baba watoto!" Sauti ikajaa sebule, pana, kali, nzima. "Mvua hiyo! Nguo zinalowa na wewe umekaa na makaratasi yako! Toka ukaanue, toka!"

Bwana Faili alikuwa amekwisha kuvuka mlango wa uani kabla hajajua kwamba amesimama. Nje jua lilikuwa kali, na kamba ya nguo ilikuwa tupu. Kupitia dirishani alimwona mkewe amejishika mbavu, mabega yanamtikisika, anacheka bila sauti. Kutoka sebuleni akaitwa tena.

"Naam," aliitikia, ameishika kamba kwa mikono miwili. "Naanua, mke wangu. Naanua."