Ndewe ya Sikio la Shaba

Nchi ya Madirishani, kwa anayeitazama kutoka kilima cha Chungeni, ni nzuri mpaka inaudhi: nyumba maelfu zenye umbo moja na rangi moja ya buluu, kila moja na madirisha manne ya vioo ambayo hayajawahi kufunguliwa na mkono wa mwenyeji, kwa kuwa makomeo yako nje na amri ya kuyafungua iko Kasri kwa Mwinyi Funganyumba, aliyezijenga zote, anayezimiliki zote, na ambaye kwa hisani yake huzifunga apendapo ili, kama wasemavyo makarani wake, zijirekebishe. Ndani, juu ya kila mlango, limetundikwa sikio la shaba lenye taa ndogo. Amri za Kasri hupitia humo, na humo pia hudakwa maneno yapitayo hewani, hata mtu wa bondeni akazungumza na nduguye wa kilimani kana kwamba wamekaa mkeka mmoja. Na adabu ya nchi hiyo ni kwamba hakuna aingiaye nyumba yoyote bila kunyanyua mkono, kuigusa ndewe ya sikio, ile ncha yake ya chini, na kusema, "Nimefika, Mwinyi." Kwa nini? Aa, ukiuliza kwa nini wanakuona hukulelewa.

Sikitu mkunga aliihama nchi hiyo kwa hasira. Asubuhi moja nyumba yake ilijifunga kujirekebisha, sauti laini ikamwambia asiondoke wala asiguse kitu, na alipofunguliwa adhuhuri, mama mwenye uchungu wa uzazi aliyekuwa akimwita kutoka mtaa wa pili alikuwa amekwisha kukata roho. Sikitu aling'oa sikio lake, akalifunga kwenye kanga, akavuka kijito mpaka Uwazini. Huko watu hujijengea wenyewe nyumba za mbao, hazifanani hata mbili, ukuta wowote unaufungua ukaona ulivyopigiliwa, na milangoni wamechonga ndege mnene asiyeruka. Ukiwauliza huyo ndege wa nini, wanacheka tu.

Nyumba yake mpya ilikwisha kujengwa kwa siku mbili. Akalitundika sikio. Kimya. Akalipangusa, akalitikisa, akalipandisha darini, akalishusha. Kimya vilevile! Hapo ndipo wasiwasi ulipomshika, maana Mwatime, mdogo wake wa pekee, alikuwa Chungeni na mimba ya miezi tisa baada ya kuzika wachanga wawili, na alikuwa ameapa hamtaki mkunga mwingine. "Nitakuita wewe, dada, na wewe utakuja." Kwenda kukaa naye hakuweza, kwani Uwazini nako kulikuwa na wajawazito wawili wakihesabu siku. Alitegemea wito, na wito ungeingilia wapi?

Alijishusha, akarudi kwenye lango la Kasri. Karani Shubiri alimpokea kwa tabasamu pana.

"Halijafa, mama. Limesusa tu. Rudi kwenye nyumba yetu uone litakavyochangamka."

"Nipe neno la kuliamsha, nitaondoka."

"Neno ni siri ya Mwinyi," alisema karani, na akafunga kidirisha cha lango.

Watu wa Uwazini wana mioyo mizuri na ndimi mbaya. Kila aliyemuuliza alimjibu kwa swali: "Umesoma mbao?" Mbao zenyewe zimesimama sokoni, na kila aliyewahi kusumbuka ameandika hapo kisa chake. Sikitu alizisoma mpaka shingo ikakakamaa. Mmoja anasema fanya hivi, wa pili anamwita wa kwanza mpumbavu, na wa tatu, mwenye shida ileile kabisa, ameandika, "Nimeshalitengeneza, asanteni," bila kusema alifanyaje! Mungu na amsamehe huyo, maana Sikitu hakumsamehe.

Fundi Bakuza, aliyekuwa akichonga mlango karibu na hapo, akamhurumia.

"Sikio lako la aina gani, mama?"

"Si limeandikwa usoni? Fahari ya Mwinyi."

"Ala, usoni! Ligeuze tumbo."

Tumboni, chini ya kutu, palikuwa na chapa ndogo ya jogoo. Bakuza alicheka mpaka akakohoa. "Mwinyi hajafua hata msumari maishani mwake! Haya yote, yako na ya Kasri, kayafua mhunzi mmoja wa Kichangani, na neno lake ametuachia ubaoni, chini ya alama ya jogoo. Likiambiwa neno hilo, linamtii aliye ndani ya nyumba, si mwingine. Liambie: tega."

"Tega tu?"

"Sikio unaliambia nini kingine?"

Walilitundika, Sikitu akasema, "Tega." Taa ikawaka! Akapiga kigelegele, majirani, wengi wao wahamiaji kama yeye, wakamiminika kutazama, na kabla kigelegele hakijaisha taa ikazima. Wakasema tena neno, wapi. Siku tatu zilikwenda hivyo, likiamka na kulala bila mpango, kila mtu akija na dawa yake, huyu akikaza waya, yule akilisugua kwa ndimu. Sikitu hali, halali, hakai. Akisimama anataka kutoka, akitoka anarudi mbio asije akaitwa.

Siku ya nne aliwafukuza wote. Alikaa peke yake, akasema neno, taa ikawaka na ikadumu, akasikia sauti za sokoni zikipita. Ndipo Bi Nunda, jirani aliyehamia kutoka Madirishani mwaka uliopita, akaingia na bakuli la uji, akanyanyua mkono kwa adabu zake zote, akaigusa ndewe. "Nimefika, Mwinyi." Taa ikazima.

"Mkono!" Sikitu alipiga kelele, uji ukamwagika. "Mkono wako, Bi Nunda! Gusa tena!"

Bi Nunda akagusa. Taa ikawaka. Lo! Siku tatu nzima watu wazima walikuwa wakilizima na kuliwasha kwa heshima. Huko walikotoka ndewe ilimpelekea Mwinyi habari za nani ameingia wapi. Hapa, penye sikio linalomtii mwenye nyumba, ilikuwa swichi. Sikitu hakupata hata nafasi ya kucheka, kwani shaba ilianza kulia kwa sauti ya Mwatime. "Dada, chupa imepasuka tangu alfajiri. Nimekuita, nimekuita..."

Alikimbia. Alipofika Chungeni, mlango wa Mwatime ulikuwa umejifunga, komeo halivutiki kwa mkono, na sauti laini ikitangaza kwamba nyumba inajirekebisha. Ndani, mdogo wake alikuwa akilia kwa uchungu. Sikitu alibandika mdomo kwenye ufa.

"Mwatime! Liambie sikio: tega!"

"Siwezi, dada..."

"Unaweza! Sema!"

"Tega," alisema Mwatime, kisha, kwa sauti iliyotoka chini kabisa ya tumbo, "Fungua!" Komeo likaruka. Mtoto wa kike alizaliwa mikononi mwa Sikitu, akalia, na mama yake akalia kumshinda.

Neno hilo halikukaa Chungeni. Majirani walilisikia kupitia ukuta, na kwa siku sita likashuka mtaa hadi mtaa pamoja na siri ya ndewe, masikio yakawatii wenyeji. Siku ya saba Kasri ikajifunga kujirekebisha, na Mwinyi ndani, yeye ambaye neno la mhunzi hakuwahi kulijua. Wako wanaosema iliharibika yenyewe, na wako wanaomtaja mpishi mmoja wa humo. Mchana huo sauti ya Mwinyi ilisikika kwenye kila sikio la nchi, si laini tena.

"Fungueni! Kuna joto humu! Nani ananisikia?"

Nyumba kwa nyumba, watu walisimama, wakanyanyua mikono kwa adabu, wakasema, "Tumefika, Mwinyi," na taa zikazima.

Kwa Mwatime taa ilibaki ikiwaka. Sikitu, aliyekuja siku hiyo kumtazama mtoto, alikuwa chini ya sikio, mkono juu.

"Gusa, dada," alisema Mwatime, mtoto kifuani.

"Ni mtu anaita."

"Ni Mwinyi."

Vidole vya Sikitu vilikuwa karibu kuigusa ndewe, neno likiwa kwenye ncha ya ulimi, na sauti ndani ya shaba ikauliza tena kama kuna mtu yeyote.