Maboksi Kumi ya Dévote

Jumanne, tarehe 17 Agosti 2021, lori la dawa lilisimama mbele ya nyumba yetu huku ughaibuni, Mount Druitt, likashusha maboksi mawili. Mawili tu. Sisi tulizoea kumi na manne kila wiki mbili, boksi moja kwa siku, maana mke wangu Bimkubwa figo zake zilikuwa zimekufa, na damu yake ilisafishwa hapo hapo nyumbani kwa maji ya dawa yanayoingizwa tumboni kwa mpira, kisha yanatolewa.

"Mengine yako wapi?" nilimuuliza Katembo, dereva wetu Mkongomani. Alisimama nje ya geti, barakoa mpaka chini ya macho.

"Iko hiyo tu, papa. Mashine inasema muko na mingi ndani."

"Mashine imeingia kwangu lini?"

Akacheka. Mimi sikucheka.

Zamani Katembo alikuwa akiingia mpaka gereji, tulikoyapanga maboksi. Anayatazama kwa macho yake, anakunywa kahawa ya Bimkubwa, anashusha yanayopungua na moja la ziada. Ilipokuja korona wakubwa wakasema dereva asivuke geti. Wakaleta mfumo mpya wa kompyuta. Siku moja kabla ya lori inakuja mesiji kwenye simu: nyumbani kumebaki maboksi mangapi? Unajibu namba, mfumo wenyewe unapiga hesabu, unapanga lori, na lori halibebi cha ziada. Wakasema meli zinachelewa, dawa haba, hivi ndivyo kila mgonjwa atapata haki yake. Mimi nimeishia darasa la nne, lakini najua kwamba anayepima maji ya tumbo la mtu anatakiwa walau amwone huyo mtu. Wao walikuwa wamejifungia majumbani kwao na kompyuta zao, wanatugawia.

Sasa, Jumapili kabla ya lori hilo, Dévote alikuwa amekuja. Huyu ni Mrundi, jirani yetu wa nyumba ya pili. Naye figo, naye maji hayo hayo, nguvu ile ile ya dawa. Oda yake ilikuwa imekwama. Alisimama mbali, kwenye majani, barakoa imelowa machozi.

Bimkubwa hakuniuliza ninaonaje. "Baba Lina, mtolee kumi."

"Kumi? Wewe utabaki na nini?"

"Nitabaki na Mungu, na lori la Jumanne. Hebu toa, bwana wee, usinitie aibu mbele ya jirani."

Kwa yale ya ziada ya Katembo yaliyolimbikizana gerejini, kumi yalipatikana, nikayasukuma kwa toroli mpaka barazani kwake. Niliporudi Bimkubwa akaninyooshea kidole. "Na usiende kutangaza. Mkono wa kulia ukitoa, wa kushoto usijue. Tena watasema Dévote ameiba dawa ya serikali, wamfutie na yake."

Jumatatu mesiji ikaja, ya kwanza kwetu. Gerejini mlikuwa na mawili. Nikaandika kumi na mbili.

Nitawaambia kwa nini, na mnicheke mkitaka. Kwetu Tanga mtu hamwambii mgeni kwamba ghala lake tupu. Unaulizwa hujambo, unasema sijambo, hata kama homa inakutetemesha. Ile namba niliiona kama salamu. Nilijua lori litakuja limejaa kama siku zote, na Katembo atashusha. Hakuna mtu aliyeniambia kwamba safari hii wanaamini ninachosema.

Ndiyo yakaja mawili.

Nikapiga simu. Ukapigwa muziki mpaka chai ikapoa. Mwishoni akaja mwanamke, sauti ya adabu.

"Rekodi yetu inaonyesha mna maboksi kumi na manne, mzee."

"Rekodi yenu inaongopa!"

"Pole sana. Je, kuna mtu mwingine aliyeyatumia?"

Nikamtazama Bimkubwa. Alikuwa kwenye kochi, kidole mdomoni.

"Hakuna," nikasema.

Basi, akasema, watafanya uchunguzi, watanipigia. Mpaka leo wanachunguza.

Bimkubwa akasema tusihangaike, atagawa boksi moja kwa siku mbili. "Si sawa na unga? Unga ukipungua si unafanywa uji?" Nesi alipopiga kumuuliza hali, akasema Alhamdulillah. Miguu ikavimba mpaka ndara hazikuingia. Hapo ningeweza kupiga tena nikasema ukweli. Nikapiga, nikawatukana wakubwa.

Asubuhi moja alikosa pumzi, gari la wagonjwa likamchukua. Hospitali ilikuwa imejaa. Damu walimsafisha vizuri, siwalaumu kwa hilo. Lakini wodini akapata korona. Mimi na binti yetu Lina, aliyezuiwa na amri ya kutotoka nyumbani kwake Penrith, tulimuaga kwa kioo cha simu. Alikwenda kutafuta maji, akafa kwa kitu kingine.

Msikitini, walipofungua, niliwaambia watu: mashine imeniulia mke. Wakaitikia, wakasema wakubwa hawana utu. Nilifarijika. Kisha nikakutana na Katembo akishusha mzigo mtaani.

"Pole sana, papa. Mama alinitunza." Akakuna shingo. "Lakini papa, ile siku, wewe ulijibu ngapi?"

"Toka hapa, kibaraka wa mashine wewe!"

Alirudi ndani ya lori lake taratibu, kama mtu aliyegusa kidonda cha mwenzie bila kukusudia.

Dévote alikuja baada ya arobaini, anasukuma toroli. Oda yake ilikuwa imefika, yote, na ya nyuma.

"Nimerudisha ya mama. Nilitaka kuleta mapema, Mzee Mwadini, lakini yeye alinikataza kwa simu. Alisema munayo ya kutosha." Akanitazama usoni. "Yalikuwa ya kutosha?"

"Yalikuwapo," nikasema. "Yalikuwapo, mwanangu. Usijitie mawazo."

Akalia, akaniombea, akaenda. Nikayapanga gerejini, kumi, ukutani pale pale pa siku zote.

Jina la Bimkubwa watu wa maboksi hawajalifuta. Waliopewa taarifa kwamba amekufa ni wengine, wa ofisi nyingine, na kompyuta zao hazisemezani. Jumatatu iliyopita simu ikalia mfukoni, mesiji ile ile. Nikaingia gereji nikiwa nayo mkononi, nikasimama mbele ya maboksi, kidole juu ya namba, nikaisoma tena.

Nyumbani kumebaki maboksi mangapi?