Mzungu Aliyeosha Bakuli kwa Chai

Gari la Colton lilikuwa limeshaanza kurudi nyuma kutoka uani, na Bi Kwok bado anakimbia nalo sambamba, kandambili zikimtoka miguuni, kifurushi kikubwa cha nyama ya nguruwe kifuani, akigonga kioo kwa kiwiko.

"Chukua! Mtu haondoki kwenye sherehe mikono mitupu!"

Colton akateremsha kioo nusu. "Mama, nilikwambia, mimi sili nyama."

"Kwani hii nyama? Hii ngozi tu!" Akaipenyeza dirishani ikamwangukia mapajani, na gari likakata kona. Ndivyo alivyoondoka Mzungu pekee wa filamu ile, kijana mwenye nywele za rangi ya ngano. Alikuwa amepigiwa simu asubuhi hiyo hiyo akacheze tangazo la malori huko Calgary.

Fergus Kwok, mwongozaji wa filamu na mtoto pekee wa Bi Kwok, alibaki amesimama mbele ya banda la gari kama mtu aliyesahau alichofuata dukani. Bandani kulikuwa na meza, na juu ya meza nguruwe mzima wa kuchoma, machungwa, na vijiti vya ubani vikiendelea kufuka. Fergus hakutaka nguruwe. Kwake ilikuwa aibu kufanya mambo hayo ya Hong Kong mbele ya Colton. Lakini mama yake aliagiza bila kumuuliza: filamu haianzi kabla watu hawajashika ubani, wakainama pande nne, na mwongozaji akamkata nguruwe. Alikuwa ameshamkata.

"Tuahirishe hadi wiki ijayo," alisema. "Nitafute mtu mwingine."

"Uahirishe nini?" mama yake akamjia juu. "Nguruwe ameshakatwa. Mababu huko juu wameshaambiwa unaanza leo. Unataka waseme ukoo wa Kwok ni waongo?"

Lakini jambo lenyewe lililomsumbua Fergus halikuwa Colton. Filamu ilikuwa ya wanaume wawili wanaopendana hapo hapo Richmond, Kanada, na mama wa mmoja wao ambaye anajua yote bila kuambiwa. Kila mtu alijua ni maisha ya Fergus mwenyewe. Kilichobadilishwa ni kimoja tu, mpenzi. Mpenzi wa Fergus aliitwa Lok, mnyoosha viungo wa hospitali, Mchina mwenzake, aliyechukua likizo ili aje kushika maikrofoni. Mpenzi wa kwenye filamu aliitwa Tristan, na macho yake yalikuwa ya buluu.

Lok hakuwahi kuusoma mswada. Fergus alimdanganya kwamba mtu wa nyumbani akiusoma kabla ya siku unaingia nuksi, na Lok, aliyelelewa na bibi mwenye miiko ya kila aina, akakubali. Mwaka mzima Fergus aliishi na uongo huo. Alijua siku Lok atakapousoma huenda akafunga mizigo.

Tena Lok alikuwa na sababu zake za zamani. Walikutana kwenye mtandao wa wanaume wanaotafuta wanaume, na chini ya picha yake Fergus alikuwa ameandika: Wachina hapana. Lok alimwandikia hata hivyo: "Sikutongozi, usiogope. Nimeona tu kalenda ya duka la bata hapo nyuma yako. Hata kwetu ipo." Fergus alicheka peke yake jikoni, kisha akajibu. Miaka minne ilikuwa imepita.

"Haya, taa niziweke wapi kama hakuna mtu?" Huyo alikuwa Jessamine Teoh, mpiga kamera, Mchina wa Malaysia, mdomo wake hauna breki. "Lok, weka hilo limaikrofoni chini. Kaa kwenye kiti cha Tristan, unisomee maneno yake nipange kamera."

"Si lazima asome," Fergus alisema, haraka mno.

"Nitajuaje mdomo wake utakuwa wapi? Soma, Lok."

Walikuwa wameshaingia kwenye chumba cha kulia cha Bi Kwok, kilichopambwa kionekane mkahawa. Lok akakaa, akaushika mswada. Maelekezo yalisema: Tristan anamimina chai ya moto, anaosha bakuli na vijiti vya kulia, anamwaga. Lok akafanya hivyo bila hata kutazama mikono yake, kama wafanyavyo watu wa Hong Kong kabla ya kula.

"Ee! Huyu anajua," alisema Bi Kwok. "Yule Mzungu jana kwenye mazoezi alikunywa maji ya kuoshea, akasema chai nzuri."

Lok akasoma. "'Umeshakula?'" Akageuza ukurasa. "'Sijakasirika. Nimekumenyea chungwa tu.'" Hapo nyusi zikapanda. Akageuza tena, akapita mahali Tristan anapokoroma, na sauti ikapungua. "'Nimeona kalenda ya duka la bata hapo nyuma yako. Hata kwetu ipo.'"

Akaulaza mswada mezani taratibu.

"Huyu Tristan ni mimi."

"Si wewe hasa..."

"Chungwa ni langu. Kalenda ni yangu. Hata huku kukoroma ni kwangu. Nywele ni za nani?"

"Mimi nilijua zamani," alisema Jessamine. "Nilidhani na yeye anajua."

"Na mimi," Bi Kwok akadakia. "Mzungu gani anaosha bakuli kwa chai?"

"Ni mambo ya soko," Fergus alisema. "Watazamaji wanataka..."

"Jibu jingine," Lok akamkatiza.

Fergus akapangusa uso kwa mikono miwili. "Nilijaribu kukuandika. Naapa. Lakini mimi nimekulia kwenye sinema, Lok. Huko wanaobusu ni Wazungu. Sisi tunaleta chakula, tunatengeneza kompyuta, tunakufa mapema. Nikifika kwenye busu nikaweka Wachina wawili, naona binamu zangu wamelewa harusini. Nacheka, naacha kalamu. Nikimweka yule wa nywele za ngano, naona sinema."

"Na nyumbani ukinibusu, unaona nini? Binamu?"

"Mimi nakwenda kuangalia wali," alisema Bi Kwok, na hakwenda.

Fergus angeweza kusema chochote. Akasema kweli. "Nyumbani huwa nafumba macho."

"Lo!" Jessamine akashika kichwa. "Afadhali ungenyamaza."

Lok akachukua koti na funguo za gari, akatoka. Fergus akamfuata hadi bandani, mama nyuma, Jessamine nyuma ya mama na kamera begani, kwa sababu mpiga kamera ni kama paka, kitu kikikimbia naye anakifuata.

"Cheza wewe basi!" Fergus aliita. "Nafasi ni yako."

"Sikuja hapa kuziba pengo la tangazo la malori."

"A-Lok, mwanangu, sikiliza," Bi Kwok akaingilia. "Asubuhi yule kijana hakushika ubani, alikuwa akijipiga picha. Wewe uliinama pande zote nne. Huko juu wanakujua wewe."

"Mama, huko juu hakuna shida. Shida iko huku chini." Akafungua mlango wa gari.

Fergus akauzuia mlango kwa mguu. Ilikuwa mchana kweupe. Ng'ambo ya barabara jirani aliyekuwa akimwagilia nyasi akawakodolea macho, maji yakamlowesha viatu asijue. Fergus hakuwahi kumgusa Lok nje ya nyumba, wala mbele ya mama yake. Akamshika mashavu na kumbusu, macho yamemtoka kama ya samaki sokoni.

"Mbona unatoa macho hivyo?" Lok aliuliza, midomo bado imebanwa.

"Nakuangalia."

"Unaona nini?"

Fergus akajikaza, akashindwa, mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. "Binamu yangu Wai-lun."

Lok alimkazia macho. Ungedhani atampiga. "Na wewe," alisema, "umefanana kabisa na shangazi yangu wa Markham. Hasa kidevu." Kicheko kikampasuka puani, wakashikana wote wawili wasianguke, na Fergus akambusu tena, huku wakicheka, macho wazi.

"Nimeipata yote," alisema Jessamine nyuma ya kamera. "Hata jirani yumo."

Lok akajifuta machozi. "Nitacheza. Lakini huyo Tristan afe, niwe mimi mwenyewe. Na kukoroma ukafute."

Filamu ilionyeshwa kwenye tamasha moja dogo, haikupata tuzo. Mtazamaji mmoja alisimama akalalamika kwamba wapenzi wenyewe wanafanana, hakujua nani ni nani. Tangazo la malori lilitoka bila uso wa Colton. Ilionekana mikono yake tu kwenye usukani. Jessamine alihamia Toronto, anapiga picha za harusi. Bi Kwok aliumwa goti, Lok akalinyoosha, sasa mama huyo anacheza dansi kila Alhamisi. Fergus hakutengeneza filamu nyingine. Anauza bima. Yeye na Lok walioana Jumanne moja ya mvua na wanaishi Burnaby, ghorofa ya tatu. Kukoroma hakukufutwa.