Kiti cha Dirishani

Hawo Duba alikulia Kiwanjani, mtaa wa Isiolo uliopata jina kwa sababu ya uwanja wa ndege, na ndege zilimwingia kichwani kabla hajajua kusoma. Baba yake alikuwa mpakizi wa mizigo pale uwanjani. Jioni alirudi nyumbani akinuka mafuta ya ndege, na Hawo aliipenda harufu ile kuliko ubani. Hata sasa, mama wa watoto wanne na mwenye duka la vitambaa mjini, ngurumo ikisikika juu aliacha mkasi katikati ya kitambaa akatoka nje. Wateja walishamzoea. Walimngoja mlangoni, naye akirudi huwaambia ni ndege gani iliyopita, waulize wasiulize.

Alizopenda hasa ni zile za zamani. Ndege mpya, alisema, zinanung'unika kama friji. Ya zamani huisikii tu, unaisikia ikifanya kazi: inakohoa, inatoa moshi, inajikaza, halafu inaondoka na unabaki umeshika kifua kana kwamba umeisukuma wewe. Na katika zote hizo aliipenda Fokker, yenye mabawa juu ya madirisha na mapanga sita ya propela kila upande. Kwa sababu ya mabawa yale, anayekaa dirisha la katikati huona miguu ya ndege ikikunjwa hewani. Baba yake alikuwa amemwambia hivyo. Mwenyewe hakuwahi kuona.

Si kwamba hakuwahi kupanda. Alipanda kwenda harusi Wajir, akapanda tena kumpeleka mtoto hospitali Nairobi, tena msiba ulipotokea Mombasa. Kila mara alikuwa na mtoto, wakati mwingine wawili, na kila mara mtoto ndiye aliyekaa dirishani. Ndege ikipaa, Hawo alikuwa ameinama akishika mfuko wa matapishi au akitafuta kiatu chini ya kiti. Alisafiri angani bila kuiona anga.

Ndipo redio ya hapo mjini ikatangaza kwamba kampuni moja inastaafisha Fokker yake ya mwisho. Ijumaa ingeruka kutoka Isiolo kwenda Nairobi, na baada ya hapo isingebeba abiria tena.

Usiku ule alimwambia mumewe, Umuro, mfanyabiashara wa mifugo. "Baba Adano, Ijumaa nataka kwenda Nairobi."

"Kuna mgonjwa?"

"Hakuna."

"Unaenda kuchukua bidhaa?"

"Hapana. Nataka kupanda ile ndege. Peke yangu, bila watoto."

 Umuro alikuwa akimwona akikimbilia nje tangu siku alipomwoa. "Basi nenda," akasema.

Mama yake Umuro, Sabdio, ambaye watoto walimwita Akko, yaani nyanya, alipopata habari alikuja asubuhi bila hata kuvua viatu vizuri. "Nimesikia unaacha watoto uende kupanda chuma kizee," akasema. "Mama gani anasafiri mikono mitupu?"

 Umuro ndiye aliyejibu kutoka uani. "Mama, mimi nikienda mnadani Garbatulla wiki nzima, kuna mtu aliniuliza watoto nimewaacha na nani?"

 Sabdio akaomba chai.

Ijumaa ilipofika, kitindamimba aling'ang'ania buibui la mama yake akilia. Hawo akambusu, akamweka mikononi mwa Umuro, akatoka. Njiani alisimama mara kadhaa kupekua mkoba, akihisi amesahau kitu kikubwa. Hakuwa amesahau chochote. Mkoba ulikuwa mwepesi tu, hauna nepi, hauna chupa, hauna biskuti zilizovunjika.

Fokker ilikuwa imeegeshwa juani. Rangi yake ilikuwa imepauka, na karibu na mlango palikuwa na viraka vya bati vilivyogongomewa kwa ustadi. Hawo alipita akaigusa ubavuni kwa kiganja. Mhudumu wa ndege, msichana aitwaye Makena, alimwona akatabasamu.

Alikuwa amekichagua kiti chake mapema: dirisha lililokabili injini ya kushoto. Alikaa, akafunga mkanda, akaweka paji la uso kwenye kioo.

"Habari, mama." Mwanamume wa makamo alikuwa amesimama kando yake, amembeba msichana mdogo aliyevaa gauni la manjano. Alijitambulisha kwa jina la Kirigia, mtumishi wa serikali aliyekuwa akirudi Nairobi. "Huyu Kinya wangu hajawahi kupanda ndege. Naomba utuachie hapo dirishani."

"Pole, baba Kinya," Hawo akasema. "Hapa sitoki."

Kirigia alicheka akidhani ni utani. "Ni mtoto, mama. Nawe bila shaka ni mzazi, unaelewa."

"Nimezaa wanne," Hawo akasema. "Ndiyo maana sitoki."

Watu wakageuka. Mama mmoja kiti cha nyuma akafyonza. Makena akaja, akainama, akamnong'oneza Hawo kwamba labda angesaidia kidogo, mtoto asianze kulia.  Miguu ya Hawo, iliyozoea kuinuka kila mtoto anapotaka kitu, ilishaanza kujivuta. Akaikaza sakafuni.

"Dada yangu," akamwambia Makena, kwa sauti ambayo Kirigia pia aliisikia, "nimepanda ndege mara nyingi na kila mara nimempa mtoto dirisha. Wangu, na hata wa wenzangu. Huyu Kinya ni mdogo, atapanda nyingine. Lakini hii haitaruka tena na watu. Leo ni zamu yangu."

Kicheko kikubwa kikatoka viti vya mbele. Mfanyabiashara wa miraa mwenye mwili mkubwa, Kiugu, alikuwa ameshaanza kujikwamua kwenye kiti chake. "Mlete mtoto hapa! Mimi nikikaa tu nalala, dirisha silioni kamwe. Mwacheni mama wa watu na ndege yake."

Kirigia akashukuru, akaenda mbele na Kinya. Kabla hajakaa alimgeukia Hawo akainamisha kichwa kidogo. Hawo akamjibu vivyo hivyo.

Kisha injini zikawaka, ya kulia kwanza, halafu ya kwake. Mapanga yalizunguka taratibu hadi yakawa ukungu, na kiti kikaanza kutetemeka, na meno yake nayo. Ndege ikafika mwisho wa uwanja, ikageuka, ikasimama ikinguruma breki zikiwa zimeshikwa. Hawo alijikuta akiiambia kwa Kiborana twende, twende. Ikaachiliwa.

Aliona kila kitu. Aliona matairi yakipiga lami yakivimba kwa kasi, nyasi zikilala, vumbi likikimbia nyuma. Aliona tairi likiinuka na kuning'inia peke yake hewani, bado likizunguka bila kugusa kitu. Kisha mguu ukajikunja polepole, kama ngamia anayepiga magoti, ukaingia ndani ya tumbo la injini, na milango ikajifunga juu yake.

"Baba alisema kweli," akasema kwa sauti, akalia na kucheka kwa pamoja, wala hakujifuta.

Chini, mabati ya mji yalimeta, barabara ya Ngaremara ikanyooka kaskazini kama uzi, na vilima vya Leparua vikapita magharibi. Ndege ilipozama mawinguni ndipo alipotambua kwamba hakuitafuta nyumba yake hata kidogo.

Walipotua Nairobi, rubani alisimama mlangoni kuwaaga abiria mmoja mmoja. Hawo alimshika mkono akautikisa kwa nguvu. "Umeiendesha vizuri," akamwambia, na mzee yule akavua kofia.

Alikwenda kwenye mkahawa unaotazama uwanja, akaagiza chai, akainywa ikiwa moto mpaka mwisho. Simu ikalia.

"Mama Adano, soksi za shule ziko wapi?" Nyuma ya Umuro watoto walikuwa wakipiga kelele, na sauti ya Sabdio ilisikika ikiwanyamazisha.

"Tafuta, utaziona."

"Haya. Kesho utafika saa ngapi?"

Ndege kuukuu ya mizigo ilikuwa ikitoka polepole kwenye maegesho, na nyingine ya aina asiyoijua ilikuwa nyuma yake. Hawo akasogeza kiti karibu na kioo.

"Sitarudi kesho," akasema. "Nitarudi kesho kutwa."