Jirani Yangu Ni

...na herufi yenyewe iko palepale chini, upande wa kulia, anaiona, hata akifumba macho ataiona, lakini hasemi, kwa nini aseme, kwani ameulizwa yeye, jirani ameuliza huku ameinamia kibodi, «M iko wapi jamani,» na jamani ni nani, jamani ni kila mtu na si mtu yeyote, basi ajibiwe na huyo jamani, Mama Pacha akatulia na mikono yake mapajani kama mtu aliyekuja kumsindikiza mwenzake hospitali, haumwi yeye, anasubiri tu... Kidole cha jirani kinazunguka juu ya herufi, kinashuka, kinaghairi, kinapanda tena, na kwenye kioo maneno matatu yamesimama peke yake, Jirani yangu ni, halafu kale kastari kanakowaka na kuzima, kanawaka, kanazima, hakachoki. Mwalimu ndiye aliyeyataka haya, mwalimu mwenyewe binti mdogo wa kuja, sauti laini kama ya mtu anayebembeleza mtoto alale, «Akina mama, leo kila mmoja aandike sentensi moja kuhusu mwenzake aliyekaa naye, mkikwama anzeni hivi, jirani yangu ni,» akimaanisha jirani wa kiti, jirani wa hapa darasani, angejuaje kwamba alipowapanga wawiliwawili, wewe na wewe, wewe na wewe, amewakalisha pamoja watu wawili waliotenganishwa na ukuta mmoja, ukikohoa huku unaambiwa pole kule, wakati huo pole zilikuwepo. Hakukataa. Angekataa ingebidi aeleze, na kueleza ni kazi, akavuta kiti akakaa, kukaa hakuhitaji moyo. Darasa lenyewe ni la bure, akina mama na watoto, wale walioguswa na vurugu, ndivyo wanavyosema, walioguswa, kana kwamba zilipita zikawagusa begani na kuomba samahani, na ukumbi umepakwa rangi mpya ya maziwa, lakini jua likiwaka sana harufu ya moshi inatoka ndani ya ukuta, na kila mtu anajifanya ni harufu ya rangi. Siku ya kwanza mwalimu aliposema hiki kinaitwa kipanya, kishikeni msiogope, yule bibi muuza mkaa akaruka, «Mimi panya namjua kwa ufagio tu, mwanangu, kumpapasa hapana,» ukumbi mzima ukavunjika mbavu, na Mama Pacha naye akafungua mdomo kwa sababu midomo ya wenzake ilikuwa wazi, akaufunga walipofunga. Alipofikiwa akakishika kwa mkono wa kushoto. «Mama, kumbe wewe ni wa kushoto,» mwalimu akasema, na yeye akaitikia ndiyo, mimi ni wa kushoto, maisha yake yote ni wa kulia, lakini mkono wa kulia ndio uliokuwa na Mkubwa... usiende huko, angalia kastari, kanawaka, kanazima. Neno la kuanzia na m, ni lipi hilo analolitafuta, msusi, mpole, mkimya, siku hizi wote wanamwita mkimya, mfiwa, mgonjwa, au mama, mama wa pacha, ingawa pacha mmoja ni pacha wa nani, lakini jina la watu halifutiki kwa sababu kaburi limechimbwa, sokoni bado wanaita, Mama Pacha njoo uone nyanya, na yeye anakwenda kuona nyanya. Walizaliwa wakifuatana kama watu walio kwenye foleni, wa mbele akaitwa Mkubwa, wa nyuma Mdogo, na Mkubwa alijua kuutumia ukubwa wake, mimi ndiye nianze kuoga, mimi ndiye nikae dirishani, mimi mkubwa, na sasa yule Mdogo ni mdogo wa nani... Ilikuwa mchana kweupe, nguo zimeanikwa, hilo ndilo linalomshangaza mpaka leo, kwamba lilikuwa jua zuri la kukausha nguo, halafu kelele zikaja kutoka upande wa maduka, halafu moshi, akawashika watoto, mmoja huku mmoja huku, akakimbilia geti la jirani kwa sababu ndilo la bati nene na ndilo la karibu, na kwa sababu jirani ni ndugu, si ndivyo tunavyosema, akapiga bati kwa goti maana mikono imejaa watoto, «Fungua, mwenzangu, ni mimi, ni mimi na watoto!» Ndani redio ilikuwa inaimba. Ikanyamazishwa. Akasikia miguu, akasema moyoni anakuja, na ndipo akasikia komeo la chini, lile lililopinda, ambalo haliingii mpaka ulipige teke, kila jioni alikuwa analisikia kupitia ukutani, teke moja, kwaa, limeingia, na mchana ule akalisikia akiwa upande wa nje, teke moja, kwaa. Basi. Walikimbia nyuma ya maduka, watu wakawa wengi kuliko njia, wakasukumwa, wakabanwa, na alipotoka upande wa pili mkono wa kushoto ulikuwa na mtoto na wa kulia ulikuwa na jasho. Mkubwa walimleta kesho yake amefunikwa shuka isiyo yake. Kwenye mazishi walimshika huku na huku wakidhani ataanguka, hakuanguka, alikuwa anaangalia kiatu cha mzee mmoja kilichofunguka kamba na kusema moyoni, atajikwaa yule, na wanawake wakanong'ona, lia mama, lia utoe, ukitunza yatakuozea ndani, akatafuta pa kulilia hakupaona. Halafu zikaja siku za vikao, mwenyekiti akasimama na kusema yaliyopita si ndwele tugange yajayo, watu wakapiga makofi, naye akapiga, akiwaza kwamba si ndwele kwa ambaye hakuugua... «Mama! Mama, angalia!» Huyo ni Mdogo, kule kwenye safu ya watoto, wamechora nyumba, paa la bluu, moshi hakuna, yeye na binti wa jirani wanagombania kipanya kimoja na kucheka, vichwa vimegusana, hawakuacha kucheza hawa hata wiki moja, na Mama Pacha akawapungia mkono kwa sababu mtoto akikuita unampungia. Ni Mdogo aliyesema, siku moja anaogeshwa, bila kuulizwa, «Wao siku ile walijificha chini ya kitanda. Mama yake alimziba mdomo mpaka akataka kufa.» Akamwambia inua mkono nikusugue kwapa. Akainua. Akamsugua. Hayo maneno yakapita kama maji ya kuogea, yakaenda yanakokwenda... Na sasa jirani ameinama zaidi, pua inakaribia kugusa herufi, shingo yote iko nje, na Mama Pacha, kwa kuwa hana pengine pa kuweka macho, akaiona ile mistari ya nywele. Nani kamsuka huyu? Mstari umeanza vizuri nyuma ya sikio, umefika kati umekata kona, umerudi, kama njia ya mlevi anayetafuta kwao, hata mwanafunzi wake wa wiki ya kwanza asingethubutu kumtoa mteja mlangoni hivi, na kitu kikamchoma, kidogo, hasira, hasira ya kazi tu, lakini ni hasira, akashtuka nayo kama mtu aliyesikia hatua ndani ya nyumba anayojua ni tupu. Kichwa hiki anakijua. Kimelala kati ya magoti yake miaka na miaka, kikisinzia, kikisimulia habari za watu, nyuma ya sikio kuna kinundu, panapokaribia paji la uso ukivuta anasema aa, shoga, unaning'oa ubongo, na wakacheka, walikuwa wanacheka sana hawa wawili... Mistari ile haikupinda bure. Akasogea kidogo, kiti kikalia, jirani hakugeuka, na pale msusi yule mwingine alipokata kona, chini ya misuko iliyolazwa kwa nguvu ifunike, kuna upara, duara safi, ngozi inang'aa kama ya mtoto mchanga, na pembeni yake mwingine mdogo unaanza. Anayajua haya. Wamepita wengi mikononi mwake, wenye misiba, waliokimbiwa, wasiolala, nywele zinaachia zenyewe, usiku mtu anageuza shingo na asubuhi mto una nywele, unampaka mafuta, unamsuka nyembamba kuanzia kushoto, na humwulizi. Kwa hiyo na wewe hulali. Upande wa pili wa ukuta ule ule, na wewe uko macho. Akajaribu kufurahi, alistahili kufurahi, aliitafuta furaha hiyo kila mahali kama mtu anayepapasa kiberiti gizani, hakuipata, akatafuta huruma hakuipata pia, hajamsamehe, asidanganywe na mtu, komeo liko palepale na teke lake, lakini vidole vilikuwa vinacheza mapajani, vyote kumi, vinagawa nywele zisizokuwepo, vinahesabu njia, na ule wa kulia nao, mkono mzembe ule, mkono ulioachia, unajua bado pa kuanzia, na kwa nini ujue, kwa nini ubaki na kazi yake wakati mtoto hakubaki, mtoto alikuwa na kiganja kidogo chenye joto, chenye kucha alizokuwa amezikata asubuhi ile ile, akilalamika, mimi mkubwa nitakata mwenyewe... Mwalimu alikuwa bado safu ya mbele, amemwinamia muuza mkaa, «Hivyohivyo, bibi, usikibane.» Kastari kalikuwa kanawaka na kuzima. Kidole cha jirani kilikuwa bado hewani, neno bado halijaja, na Mama Pacha amekaa vilevile, mgongo vilevile, hakuna aliyekuwa anamtazama, alipousikia unakuja kutoka chini ya tumbo, polepole, mzito kama uchungu wa kuzaa, uchungu wa mwanawe, ule ulioitwa makaburini haukuja, unakuja leo, kwenye darasa la bure, mbele ya watu, akauma mdomo, halafu akauachia mdomo, kilio kikapanda.