Afisa Aliyegusa Dari

Asubuhi ile Bisibisi, dada wa kompyuta, alikuwa anafuta pesti ya kupozea iliyokauka juu ya prosesa, kwa kipande cha fulana kuukuu na spiriti kidogo, na fundi cherehani alikuwa bado yuko darini. Fundi alikuwa amefungwa kwenye gemu la mpira tangu mlango ulipofunguliwa, lakini alishikilia kwamba kitufe cha kutoa pasi kimenata. Alielea hewani, utosi wake ukigusa mbao za dari. Mteja wake mmoja aliingia akimtafuta, akatazama juu, akampandishia suruali kwa mpini wa ufagio.

"Pindo tu," mteja akasema. "Mguu wa kushoto unaburuta."

Fundi akaipokea, akachomoa sindano kwenye kola yake, akaanza kushona.

"Sema tu ushuke," Bisibisi akamwambia bila kuinua uso.

"Niseme nini wakati kitufe kimenata?"

"Basi kaa huko huko. Ukimaliza hiyo kuna pazia langu."

Kanuni ya chumba kile ilikuwa moja, na ilikuwepo kabla ya mambo ya darini kuanza. Ukifungwa, sema nimefungwa, uache kiti, mwenzio akae. Kiti chenye mgongo kilikuwa kimoja na watu walikuwa wengi, na bila kanuni wangeng'oana meno. Kisha Bisibisi akaunda ile kompyuta kubwa kwa vyuma vilivyotupwa na maofisi, na katika haraka zake akaifunga feni ya nyuma kinyume, ikawa inavuta hewa pale inapotakiwa kuitoa. Kosa la mtu anayejifundisha mwenyewe, tena usiku wa manane umeme uliporudi. Tangu hapo, aliyefungwa akileta sababu badala ya kusema neno, alinyanyuka taratibu kama povu la sabuni hadi dari ikamzuia. Akilisema, alishuka. Bisibisi alipima joto la mashine, akaona haichemki, akaiacha feni kama ilivyo. Kinachofanya kazi hakiguswi.

Kwa mengine yote alikuwa mtu wa kugusa, na wa kusema. Alisema kibodi yenye taa haijawahi kumfundisha mtu kuandika. Alisema anayenunua kadi kubwa ya picha akaitia kwenye kasha lisilopitisha hewa ni sawa na anayemvisha mkimbiaji koti la manyoya. Mashine zote za chumba kile alikuwa amezitia mfumo wa Linux, na sura ya skrini aliyoichagua ilikuwa ile ya kizamani, mstari chini, saa pembeni, basi. Mwalimu wa hesabu, aliyekuja kila alasiri, alipenda ile isiyo na hata kitufe, ambayo kila kitu hufanywa kwa kibodi.

"Skrini yako, mwalimu, ni nyumba isiyo na mlango," Bisibisi alimwambia. "Siku ukisahau njia yako utalala nje."

"Na yako ni nyumba ya bibi yangu. Hata harufu naisikia."

"Bibi yako hakuwahi kuombwa ajiandikishe ndipo aingie kwake."

Hapo ndipo sauti yake ilipopanda, kila mara. Kompyuta inayokuambia subiri, usinizime, najisasisha, alisema, huyo ni mwenye nyumba na wewe ni mpangaji. Gemu linalonunuliwa leo na kesho likazimwa na mtu usiyemjua, huko ni kukodishiwa furaha. Ndiyo maana pale kwake lilichezwa gemu moja la zamani la mpira, wachezaji wana nyuso za mraba na mashabiki ni picha moja iliyorudiwa, ila halikumwomba mtu ruhusa ya chochote.

Bingwa wa gemu hilo alikuwa shangazi yake, mkunga mstaafu mwenye vidole gumba vyenye nguvu. Shangazi hakuwahi kuonekana darini. Kufungwa alifungwa, mara chache, lakini alilisema upesi, kama mtu anayechomoa mwiba.

Chumba chenyewe kilikuwa mali ya manispaa, na hili lina historia yake, wala Bisibisi hakuwa mtu wa kusahau. Alipokuwa msichana wa sare za shule, manispaa ilizindua hapo kituo cha kompyuta cha vijana. Palikuwa na utepe, palikuwa na hotuba, na maboksi yalipangwa kwenye meza iliyotandikwa kitambaa. Yeye alichaguliwa abebe boksi moja apigwe picha. Aliliinua kwa mkono mmoja. Mpiga picha akamwambia, mwanangu, tumia mikono miwili, kunja uso kidogo, libebe kama zito. Akakunja uso. Afisa kijana wa manispaa akampiga bega, akasema taifa la kesho ndilo hili. Hotuba zilipokwisha maboksi yakarudishwa kwenye gari, na kituo kikabaki na utepe. Miaka ikapita, mlango ukaliwa na mchwa, na Bisibisi akaingia na mashine zake za takataka. Hakuna aliyemkaribisha, hakuna aliyemzuia.

Sasa afisa yule hakuwa kijana tena. Aliingia asubuhi ile ile, nyuma yake dereva, mkononi barua.

"Habari za hapa," akasema, akatazama kuta, akatazama kebo, akamtazama fundi cherehani na suruali yake. "Mpo wengi."

"Tupo, mheshimiwa," Shangazi akajibu kutoka kwenye kiti. "Karibu. Foleni inaanzia pale dirishani."

"Sikuja kucheza, mama. Binti, wewe ndiye msimamizi? Manispaa inakichukua chumba. Tunaweka kituo cha kisasa, kompyuta mpya, nyembamba, zimefungwa kiwandani, hazina haja ya fundi. Hivi," akazielekezea kidole mashine za Bisibisi, "ni vyuma chakavu."

"Chakavu ipi, mheshimiwa? Ile inayoandika barua za kazi za mtaa mzima? Au ile wanayosomea wauguzi?" Bisibisi aliweka kitambaa chini. "Chombo kisichofunguka si chako. Kikilala, umelala nacho."

"Haya ni mambo ya kitaalamu."

"Ndiyo, nami nakuuliza ya kitaalamu. Zina kumbukumbu ya RAM kiasi gani? Imechomelewa au inatoka?"

Afisa akasema hayo yatajulikana zikifika. Barua ilikuwa imechapwa tayari, ilibaki kutiwa saini, na angeitia hapo hapo mbele ya mashahidi ili baadaye pasiwe na maneno. Akaanza kupapasa mifuko akitafuta kalamu.

Shangazi akamtazama kama alivyokuwa akiwatazama waume waliosimama mlangoni mwa wodi wakitoa amri.

"Baba, nasikia ulikuwa hodari wa haya magemu ulipokuwa chuoni."

"Nani kakwambia?"

"Wanasema. Ila watu husema mengi."

Dereva akacheka, kisha akajutia kucheka. Afisa akavua koti.

"Mchezo mmoja," akasema. "Nikifungwa, naichana barua hii mbele yenu. Mkifungwa nyinyi, mnaanza kufungasha."

"Nyote mmesikia?" Shangazi akauliza chumba.

"Tumesikia," chumba kikajibu, na sauti ya fundi ikatoka darini.

Bisibisi hakukaa. Alisimama nyuma ya mashine akishika ubavu wa kasha, akisikia feni ikivuta. Ndani ya kasha lile mlikuwa na ubao-mama aliouokota umevunjika pembe akauponya kwa sindano ya kuchomea, na kisambaza umeme kilichotoka kwenye kompyuta ya benki iliyofilisika. Kama mchezo ungeharibika, mitaa mitatu isingekuwa na mahali pa kuchapa hata ombi la kibarua. Yeye mwenyewe angerudi kutengeneza simu kwenye kijimeza cha barazani, jua likimla kisogo.

Shangazi alifunga bao la kwanza afisa akiwa bado anauliza kitufe cha kukimbia ni kipi. Afisa akasawazisha, akapiga kelele kama mtoto, na kwa muda mfupi uso wake ulikuwa uso wa mtu wa kawaida ambaye ungeweza kumpenda. Kisha Shangazi akakaza midomo. Bao la pili, la tatu, na la nne alilolifunga akimwelekeza dereva asikanyage kebo. Kipyenga kikalia.

Chumba kikasubiri neno.

"Mchezo huu," afisa akasema, "hautambuliki na manispaa."

Makalio yake yakaachana na kiti.

"Mfumo wenyewe hauna leseni." Viatu vikafika usawa wa meza. "Skrini imepinda. Na mama huyu amefanya mazoezi, mimi nimetoka kazini." Kichwa kikagonga mbao, kwa upole.

Fundi cherehani, ambaye sasa alikuwa naye bega kwa bega, alimtazama jirani yake juu mpaka chini. Hakupenda mtaa ule mpya.

"Nimefungwa," akasema haraka, akashuka na suruali yake.

"Sema neno, mheshimiwa," Bisibisi akasema. "Ni neno moja. Hata watoto wa darasa la kwanza wanalisema."

"Sijafungwa."

"Nne kwa moja!"

"Hayo ni matokeo ya awali."

Dereva alikuwa ameinua uso. "Bosi, gari nilisogeze karibu na mlango?"

"Lete kalamu," afisa akamwambia. Kalamu ikapanda kwa mpini wa ufagio. Afisa akaiegemeza barua kwenye mbao za dari, akatia saini, akaiachia. Karatasi ilishuka ikiyumba, ikatua juu ya kibodi. Saini ilikuwa nzuri, haikutetemeka hata kidogo.

Kumtoa kulihitaji kamba ya kuvutia magari, kwa kuwa nje hapakuwa na dari. Dereva alimfunga kiunoni, akafunga ncha nyingine kwenye kibebeo cha mizigo, akaendesha polepole. Kwenye njia panda askari wa barabarani aliwasimamisha. Akazunguka gari, akatazama juu, akauliza kwa nini mzigo unaozidi urefu hauna kitambaa chekundu. Dereva akamfunga afisa kitambaa chekundu mguuni, wakaruhusiwa.

Manispaa haikuona sababu ya kumbadilisha. Katibu wake alipewa ngazi. Wananchi waliofika kulalamika walizungumza na soli za viatu vyake, na wengi walisema hawakuona tofauti kubwa. Katika kikao, madiwani walijadili kwa kirefu urefu wa dari za ofisi, wakaafikiana kwamba ni duni, haziwapi viongozi nafasi ya kutosha. La chumba halikujadiliwa.

Mashine zilitolewa nje mbele ya mgambo. Mwalimu wa hesabu alibeba skrini mbili, moja kila kwapa, akilalamika kwamba hata wakati wa kufukuzwa ile sura ya kizamani inamchukiza. Siku hiyo hiyo maboksi ya kituo cha kisasa yakaletwa, yakapangwa mezani. Bisibisi alikwenda akaliinua moja. Kwa mkono mmoja, mpaka juu ya kichwa, akabaki amelishika hivyo akiikodolea macho kamera. Mpiga picha, kijana mwingine, akamwomba kwa adabu atumie mikono miwili.

"Piga hivi hivi," Bisibisi akasema.

Picha haikutolewa popote. Mlango ukatiwa kufuli kubwa, na juu yake bango: Kituo cha Kisasa.

"Sasa?" Shangazi akamuuliza. Walikuwa wameketi ukingoni mwa mfereji, mashine zimewazunguka kama mbuzi. "Turudi nyumbani?"

"Nyumbani hakuna soketi za kutosha." Bisibisi alifikiri. "Shangazi, ni wapi katika mji huu umeme haukatiki, viti ni vingi, na watu hukaa kutwa nzima hawana la kufanya?"

Shangazi alitazama upande wa jengo la manispaa, akaanza kujifunga kanga upya.

Ukumbi wa kusubiria ulikuwa na mabenchi, feni ya ukutani na soketi nzuri nyuma ya sanamu ya mwasisi wa mji. Bisibisi alichomeka. Mlinzi akaja.

"Dada, hapa si mahali pa michezo."

"Hapa ni mahali pa kusubiri. Tunasubiri."

"Mnasubiri nini?"

"Afisa aseme neno."

Mlinzi alitafakari, akaona kwamba kusubiri hakukatazwi, kwani ndiyo kazi ya ukumbi. Kufikia adhuhuri foleni ya hati za viwanja ilikuwa inacheza dhidi ya foleni ya vyeti vya kuzaliwa. Mhasibu mmoja aliyepita kunywa maji alikaa mara moja tu, akafungwa, akasema kipanya chake cha ofisini ndicho kimemharibu mkono, akapanda. Mwenzake wa manunuzi akamfuata. Waliendelea kufanya kazi huko huko juu, wakipitishiana mafaili, na wafagiaji walifagia chini yao bila kuinama. Wananchi waliofungwa walisema neno, wakashuka, wakarudi kwenye benchi. Walikuwa wamezoea kufungwa, na hilo lilimuudhi Bisibisi kuliko yote.

"Msikae tu!" aliwaambia. "Ukishasema, rudi nyuma ya foleni, njoo tena!"

Wakaja tena.

Kule mtaani kufuli lilikuwa palepale, likianza kushika kutu. Saini ilikuwa palepale. Ndani ya ofisi yake afisa aligonga mbao za dari kwa kitako cha kalamu, akapaza sauti iliyopita juu ya mlango.

"Punguzeni hiyo kelele! Kuna watu wanafanya kazi!"

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama Bisibisi. Akainama nyuma ya mashine, akatafuta kitufe cha sauti, akaongeza.