Mgeni wa Kamba ya Nguo

Kila vuli alikuja uani kwa Sakina, mjini Lindi, kindege wa rangi ya vumbi, akitokea misitu ya baridi huko kaskazini ya dunia. Mgeni gani huyu, habishi hodi wala hagusi punje ya mtu! Hukaa kwenye kamba ya nguo, akachomoka, akadaka mdudu hewani, akarudi palepale. Marehemu Wasim, mume wa Sakina, alikuwa akisema, "Msimfukuze, huyu ndiye mlinzi wa duka letu."

Leo ilikuwa khitma ya Wasim, mwaka tangu azikwe. Kichri ya mchele na choroko ilikwishapelekwa msikitini, sufuria nzima, na Sakina alikuwa akikung'uta mkeka zilipochaguliwa choroko zile. Vinondo vya nafaka viliruka kutoka mkekani vikipepesuka kama walevi. Ndege akadaka kimoja, akadaka cha pili, akarudi kambani. Punde akaanguka chini, mabawa yakimtetemeka.

Sakina aliganda. Nondo mzima hapepesuki hivyo.

Stoo kulikuwa na magunia mawili ya choroko: lake la kula, na la mbegu la Khamisi, mkulima wa Rutamba, aliyezitia dawa ya wadudu akaliacha pale hadi mvua zishike. Sakina alikimbilia huko. Yote mawili yalikuwa wazi.

"Joyce, ulichota gunia lipi?" alimwuliza binti aliyemsaidia kazi.

"La karibu na mlango, mama, kama ulivyoniambia."

"Yallah! Na wapagazi si waliyahamisha jana?"

Sakina alinusa gunia moja, akanusa la pili. Nyumba nzima ilinuka ubani uliofukizwa tangu alfajiri, hakuambulia kitu. Akajitupia mtandio, akatoka mbio.

Uani msikitini, Qasim, mdogo wake Wasim, alikuwa ameshika upawa.

"Usipakue, shemeji! Choroko zina dawa. Ndege wa nyumbani amekula wadudu waliotoka humo, ameanguka."

"Ndege?" Qasim aliwatazama wazee waliokwisha nawa mikono. "Amejigonga ukutani huyo. Watu wamemsomea ndugu yangu msahafu mzima, niwarudishe na njaa kwa sababu ya ndege? Una hakika?"

Hakuwa na hakika. Alishika sufuria kwa ncha za mtandio akaipindua, kichri yote ikamwagika mchangani. Mzee mmoja alisema pole pole kwamba ujane umemchanganya.

"Umemwaibisha marehemu," Qasim alisema.

Njia nzima ya kurudi Sakina aliogopa jambo moja tu: amkute ndege juu ya kamba, mzima. Akiwa mzima, basi khitma ya mumewe ameivunja bure, na Lindi ni mji mdogo, watu hawasahau. Miguu ilimwuma, midomo ikimchezacheza kwa dua, na alikwisha fika mlangoni alipotambua anachokiomba.

Joyce alikuwa amechuchumaa chini ya kamba.

"Amekufa, mama."

"Alhamdulillahi," Sakina alisema.

Akalisikia neno lake mwenyewe. Alikaa chini, akamweka mgeni wa Wasim kiganjani. Alikuwa bado na joto, na kinondo kimoja kimebanwa mdomoni. Siku ya mazishi ya mumewe watu walimsifu Sakina kwa subira. Leo alilia hadi majirani wakaja.